Sauti ya Ghadhabu Isifungiwe Kabatini

Wako watu duniani ambao hukusanya filamu za kale kama wengine wakusanyavyo stempu na sarafu. Huchakura katika maghala ya majumba ya sinema yaliyofungwa, hununua mikanda iliyokusudiwa kutupwa, na huandikiana barua kutoka nchi hadi nchi wakiulizana ni nani aliye na nakala ya picha fulani. Wengi wao huzipenda zaidi picha za uhalifu za Marekani za miaka ya 1940 na 1950, zile ambazo Wafaransa walizipa jina la filamu nyeusi kwa ajili ya vivuli vyake na kwa ajili ya huzuni iliyomo ndani yake. Kati ya hizo ipo moja ambayo kwa miaka mingi ilikuwa shida kuipata. Ilitolewa mwaka 1950 kwa jina la The Sound of Fury, maana yake Sauti ya Ghadhabu.

Leo twataka kusema neno juu ya filamu hiyo, na juu ya hao wanaoipenda. Twasema kwa sababu twaamini kwamba lililomo ndani yake ni kubwa kuliko uhaba wa nakala zake, tena linawahusu watu wanaoishi kwa kazi ya mikono yao na watu wanaoishi kwa kazi ya kalamu.

Kisa chenyewe ni chepesi kueleza. Howard Tyler, aliyeigizwa na Frank Lovejoy, ni mtu mwenye mke na mtoto, na mkewe ni mjamzito. Amehamia California akitumaini kupata kazi, na kazi haipo. Kila siku hutoka asubuhi na kurudi mikono mitupu. Si mwovu wala si mvivu; ni mtu aliyechoka kuona haya mbele ya watu wa nyumbani kwake. Siku moja anakutana na Jerry Slocum, kijana mtanashati mwenye majivuno, aliyeigizwa na Lloyd Bridges. Jerry anamwambia kwamba ipo kazi ya kuendesha gari tu. Kazi hiyo ni kungoja nje huku Jerry akiingia na bastola katika maduka na vituo vya petroli. Howard anasita, kisha anakubali. Fedha zinaingia nyumbani. Mkewe anaambiwa kwamba mumewe amepata kazi ya usiku.

Haupiti muda mrefu, Jerry anataka makubwa zaidi. Wanamteka nyara kijana wa ukoo wa kitajiri ili wadai fidia. Kabla fidia haijalipwa, Jerry anamwua kijana yule kwa jiwe, na Howard anasimama pale pale akiona. Tangu saa hiyo Howard si mtu tena. Hali, halali, hunywa pombe bila kipimo, na mwisho ulimi unamponyoka mbele ya mwanamke mpweke aliyefahamiana naye usiku mmoja tu. Mwanamke yule anawaarifu polisi, na wote wawili wanakamatwa.

Kama kisa kingeishia hapo, filamu hii ingekuwa mojawapo ya mamia ya picha za polisi na wezi, na pengine isingestahili kutajwa katika ukurasa huu. Lakini ndipo inapoanza sehemu yake ya pili, nayo ndiyo iliyo nzito. Mjini yupo mwandishi wa gazeti, Gil Stanton, mtu msomi, mwungwana, mwenye nyumba nzuri na familia njema. Mwenye gazeti anapenda habari za kusisimua kwa sababu ndizo zinazouza nakala. Tangu wakati wa wizi mdogo mdogo, gazeti lao limekuwa likipiga kelele kana kwamba mji mzima umevamiwa na majambazi. Sasa wauaji wamekamatwa, Stanton anaandika makala moja baada ya nyingine akiwaita wanyama, na kila makala ni kuni mpya motoni. Sherifu anamsihi apunguze ukali. Mgeni wake Mwitalia, Daktari Simone, anamwonya kwamba mwenye kuandika kwa ajili ya maelfu ana dhamana ya maelfu. Stanton anapotanabahi, jiji limekwisha kuchemka. Umati unalizingira gereza, unavunja milango, unawatoa wale wafungwa wawili na kuwaua kabla ya hukumu kutolewa. Stanton anaisikia ngurumo ya watu aliowachochea kwa wino wake, wala hana la kufanya.

Jambo hilo halikutungwa kichwani mwa mtu. Kitabu kilichozaa filamu hii ni riwaya ya Jo Pagano, The Condemned, iliyochapwa mwaka 1947, na Pagano mwenyewe ndiye aliyeandika mchezo wa filamu. Nyuma ya riwaya hiyo kulikuwa na tukio la kweli katika mji wa San Jose, California. Tarehe 9 Novemba 1933, Brooke Hart, kijana wa miaka 22, mwana wa mwenye duka kubwa la mji ule, alitekwa nyara. Waliomteka walidai dola 40,000, ingawa walikuwa wamekwisha kumwua na kumtupa majini kutoka darajani. Watu wawili, Thomas Thurmond na John Holmes, walikamatwa. Tarehe 26 Novemba maiti ya kijana ilionekana, na usiku ule ule maelfu ya watu waliivamia jela, wakawatoa watuhumiwa na kuwanyonga katika bustani ya St. James, mbele ya macho ya wanawake na watoto. Gavana wa jimbo, James Rolph, aliyekataa kupeleka askari wa kulinda jela, aliwasifu hadharani watu waliofanya jambo hilo. Hapana hata mmoja aliyehukumiwa.

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatumsahau kijana Brooke Hart, wala hatuwatetei waliomwua. Mauaji ni mauaji, na mwenye kuua lazima ajibu mbele ya sheria. Lakini mbele ya sheria ndiyo maneno yenyewe. Kundi la watu halisikilizi shahidi, halitengi mwenye kosa kubwa na mwenye kosa dogo, na wala halina njia ya kurudi nyuma likitambua kwamba limekosea. Hasira ni hasara kwa mtu mmoja. Kwa mji mzima ni maangamizi.

Aliyeiongoza filamu hii aliitwa Cy Endfield, mzaliwa wa Scranton katika jimbo la Pennsylvania, mwaka 1914. Alipiga picha zake katika mji wa Phoenix, Arizona, katika barabara za kweli, na tendo la mwisho la umati kuvamia jela ni mojawapo ya matendo ya kutisha kuliko yote yaliyopata kuonyeshwa katika sinema ya Marekani ya wakati ule. Hakuna muziki wa kumbembeleza mtazamaji wala shujaa wa kuja dakika ya mwisho. Kuna nyuso tu: vijana wanaocheka, watu wazima waliovaa vizuri, majirani wa kawaida ambao kesho yake watafungua maduka yao na kusalimiana.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la sinema methali hiyo haikutimia. Marekani ya mwaka 1950 ilikuwa katika hofu kubwa. Vita vya Korea vimeanza, na watu wa sinema walikuwa wakiitwa mmoja mmoja mbele ya Kamati ya Bunge kuulizwa juu ya siasa zao na kutakiwa kutaja majina ya wenzao. Filamu iliyosema kwamba raia wema wa mji wa Kimarekani waweza kugeuka wauaji kwa kuchochewa na gazeti lao haikuwa na wateja wengi. Mwaka 1951 wenye kuiuza waliibadilisha jina wakaiita Try and Get Me!, maana yake Jaribuni Kunikamata, wakitumaini kwamba watu watadhani ni picha ya kukimbizana tu. Hata hivyo haikusaidia.

Mwaka huo huo wa 1951 jina la Endfield lilitajwa mbele ya Kamati. Alikuwa na njia mbili: kuwataja rafiki zake, au kupoteza kazi. Alichagua njia ya tatu, akahamia Uingereza. Huko alifanya kazi kwanza akijificha nyuma ya majina ya watu wengine. Mwaka 1957 alitoa Hell Drivers, filamu juu ya madereva wa malori wanaoshindanishwa na kuhatarisha roho zao kwa ajili ya malipo ya kila safari, huku meneja wao akiwadhulumu. Mwaka 1964 alitoa Zulu, iliyompa umaarufu mkubwa. Alifariki Uingereza mwaka 1995. Filamu aliyoiacha Marekani ilibaki yatima. Picha isiyoleta faida haina wa kuitetea ghalani.

Hapa ndipo wanapoingia wakusanyaji, nasi hatuna budi kuwapa haki yao. Watu wengi hudhani kwamba filamu ikishatengenezwa hukaa milele. Sivyo. Mikanda iliyotumika hadi mwanzo wa miaka ya 1950 ilitengenezwa kwa dawa inayoshika moto upesi mno. Ile iliyofuata haiwaki kwa urahisi, bali ikitunzwa vibaya huoza, hujikunja na kutoa harufu kali kama ya siki. Juu ya hayo, kampuni nyingi zilitupa au kuteketeza mikanda ya zamani kwa sababu haikuwa na soko tena. Uchunguzi uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya filamu ndefu zipatazo 11,000 zilizotengenezwa Marekani katika zama za sinema bila sauti, kati ya mwaka 1912 na 1929, ni asilimia 14 tu zilizobaki katika hali yake ya asili. Nyingine zimepotea, au zimebaki vipande, au zipo katika nakala hafifu.

Kama kiasi fulani kimesalia, sehemu ya shukrani ni ya watu binafsi waliokuwa na kichaa cha sinema. Waliweka mikanda vyumbani mwao na chini ya vitanda vyao wakati wenye mali walipokuwa wakiitupa. Wala hawakupewa asante. Kwa kuwa haki ya filamu ilikuwa ya kampuni, mtu aliyeokota mkanda jalalani aliweza kuhesabiwa mwizi. Mwezi wa Desemba 1974 makachero wa serikali ya Marekani waliingia nyumbani kwa mwigizaji Roddy McDowall na kuchukua filamu na kanda zake, ingawa mwishowe hakushtakiwa. Jambo kama hilo liliwafundisha wakusanyaji wengi kuficha walichonacho, na kitu kilichofichwa ni kigumu kuokolewa mwenyewe akifa.

Mambo yalianza kubadilika pale mapenzi ya mtu mmoja mmoja yalipounganishwa na kuwa kazi ya wengi. Mwaka 2005 Eddie Muller, mwandishi wa San Francisco, alianzisha Film Noir Foundation, jumuiya ambayo hutumia mapato ya maonyesho ya picha hizo kugharimia ukarabati wa nyingine. Kwa fedha za jumuiya hiyo na ufundi wa hifadhi ya filamu ya Chuo Kikuu cha UCLA, filamu ya Endfield ilitengenezwa upya, na mwaka 2013 watazamaji wa San Francisco waliiona tena katika ukumbi wa sinema, ikiwa safi. Baadaye ikatolewa katika diski, na mtu ye yote aweza kuinunua.

Haja ya kazi hiyo yaonekana zaidi katika habari ya filamu nyingine ya mwaka 1950, Woman on the Run. Nakala yake nzuri ya Marekani iliteketea tarehe 1 Juni 2008, moto ulipozuka katika majengo ya Universal huko California. Wengi walidhani yamekwisha. Lakini mikanda mingine ilipatikana Uingereza, katika hifadhi ya British Film Institute, na kwa mikanda hiyo filamu ikafufuliwa na kuonyeshwa tena mwaka 2015. Fundisho ni wazi. Kitu kilichowekwa mahali pamoja, chini ya ufunguo mmoja, kina adui wengi. Kilichogawanywa kina walinzi wengi.

Hata hivyo tunalo neno la kuwaambia wakusanyaji. Wako baadhi yao ambao huipenda filamu kwa sababu ni adimu tu. Thamani ya mkanda, kwao, ni kwamba jirani hana. Huulizana juu ya jina la kwanza na jina la pili, juu ya urefu kwa dakika na vivuli vya ukutani, na habari ya mtu asiye na kazi na mji uliopandwa na wazimu huwa kama fremu tu ya kuzungushia vivuli hivyo. Nakala ikishakuwa ya watu wote, hamu yao hupoa, wakaenda kutafuta nyingine. Twasema wazi kwamba mapenzi ya namna hiyo ni mapenzi ya bahili kwa sarafu zake. Filamu hii ikawa adimu kwa sababu watu hawakutaka kusikia inachosema. Basi mtu anayefurahia uhaba wake, bila kujali neno lake, anaendeleza kazi ile ile ya walioinyamazisha.

Wala hatusemi kwamba ni filamu isiyo na dosari. Yule Daktari Simone anahubiri kupita kiasi; mara nyingine anasimama mbele yetu na kutufafanulia jambo ambalo macho yetu yamekwisha kuliona. Tena ipo dosari kubwa zaidi, ambayo si yake peke yake bali ni ya sinema yote ya Marekani ya wakati ule. Hesabu za Chuo cha Tuskegee zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1882 na 1968 watu 4,743 waliuawa na umati katika Marekani, na kati yao 3,446 walikuwa watu weusi. Lakini Hollywood ilipothubutu kuonyesha umati unaoua, mara nyingi ilimweka mzungu mahali pa mwenye kuuawa. Fritz Lang alifanya hivyo mwaka 1936 katika Fury, na Endfield akafanya hivyo mwaka 1950. Ni kweli kwamba waliouawa San Jose walikuwa wazungu, na Endfield alifuata kisa chake. Hata hivyo, mwenye kuitazama filamu hii leo na ayakumbuke maelfu ambayo kamera haikuyageukia. Sheria ya nchi nzima ya kuyafanya mauaji hayo kuwa kosa maalumu ilitiwa sahihi Machi 2022, baada ya miswada mingi kushindwa kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja.

Pamoja na dosari hizo, twaihesabu filamu hii kuwa ya manufaa, kwa sababu mbili.

Kwanza, inamwonyesha mfanyakazi asiye na kazi jinsi alivyo. Haimsafishi Howard Tyler. Inamwacha abebe kosa lake mpaka mwisho. Lakini inatuonyesha kila hatua aliyopita, hatua moja baada ya nyingine, hata tunatambua kwamba mtu aweza kuanguka shimoni bila ya kuamua siku yo yote kuwa mwovu. Mji unaomwona mtu huyo siku ya kunyongwa tu, na haukumwona siku zote alipokuwa akizunguka kutafuta kibarua, hauna haki ya kujiita mji wa haki.

Pili, inawasema waandishi, yaani sisi. Mtu aliyeshika bastola ni Jerry, lakini waliovunja mlango wa gereza hawakuongozwa naye. Waliongozwa na maneno waliyoyasoma asubuhi wakinywa kahawa. Mwandishi Stanton hakumchukia mtu. Alikuwa anafanya kazi yake na kumridhisha mwenye gazeti. Hilo ndilo la kutisha. Sisi tunaoandika tunaijua raha ya neno kali, na tunajua jinsi wasomaji wanavyolipokea. Kumwita mtuhumiwa mnyama ni rahisi, na huuza. Kungoja ushahidi ni kazi ngumu, na haiuzi. Gazeti lisiloweza kutofautisha mtuhumiwa na mwenye hatia limeacha kuwa taa ya watu na limekuwa kiberiti.

Na msomaji naye asijione yuko nje. Pasipo watu wa kuyameza maneno hayo, hayangekuwa na nguvu. Siku hizi habari haingoji kuchapwa. Huruka kwa simu kutoka mkono hadi mkono, na kila mwenye simu amekuwa mwandishi na mwenye gazeti kwa pamoja. Jina na picha ya mtu anayeshukiwa huenea kwa dakika chache kuliko Stanton alizohitaji kuandika sentensi yake ya kwanza. Kwa hiyo dhamana iliyokuwa yake peke yake sasa imegawanywa kwetu sote.

Tunawashukuru, basi, wakusanyaji waliouokota mkanda huu na mafundi walioufuta vumbi. Tunawaomba wasiishie hapo. Wautoe kabatini wauonyeshe katika kumbi za wafanyakazi, katika vyuo vya uandishi, katika shule za polisi na mahakimu, na baada ya taa kuwashwa waache watu wajadiliane. Mkanda huoza ukikaa bure, na mafunzo ya tarehe 26 Novemba 1933 nayo huoza vivyo hivyo yasipozungumzwa.